Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Bandari: Bei ya Korosho Yetu Inakatwa Gatini

Newala, mwishoni mwa Agosti

Kwa Waheshimiwa wote mliokabidhiwa dhamana ya bandari, uchukuzi, kilimo na biashara katika nchi yetu,

YAH: BANDARI YA MTWARA NA JASHO LA MKULIMA WA KOROSHO

Waheshimiwa, poleni na majukumu. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa korosho, na kwa miaka tisa sasa ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Newala. Napima mzigo wa wanachama, naandika stakabadhi, nasindikiza lori hadi ghala kuu, na malipo yakitoka ndiye ninayekaa mezani kumweleza kila mtu kwa nini amepata alichopata.

Barua hii si ya kwanza. Niliandika Januari 2024, nikaandika tena Juni mwaka huohuo, nikaandika mara ya tatu Februari mwaka huu. Nakala zote tatu ninazo, zimegongwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe zinasomeka. Ofisi nilizoziandikia sitazitaja, maana sina nia ya kumchongea mtu. Mara moja nilipigiwa simu na kijana mwenye heshima zake, akaniambia suala langu linafanyiwa kazi. Nikashukuru. Msimu ukaja, ukapita, na yaleyale yakajirudia. Sasa mikorosho imechanua, dawa ya salfa tumeshapuliza, na minada itaanza Oktoba. Nikiandika ya nne ya faragha nikangoja jibu, msimu mwingine utakuwa umekwisha. Ndiyo sababu nimeamua kuandika hadharani.

Niseme kwanza lililo jema, maana lipo na tuliliona kwa macho. Msimu wa 2023/24 serikali iliagiza korosho za kusini zisafirishwe kupitia Bandari ya Mtwara, badala ya malori kuzikimbiza hadi Dar es Salaam. Tulishangilia. Gati jipya la mita 300 lilikuwa limeshakamilika kwa mabilioni ya fedha za walipa kodi, na bandari yenyewe Mungu ameipa kina cha asili ambacho wengine hukitafuta kwa kuchimba. Vijana wa Mtwara mjini walipata kazi ya kupakia. Mama lishe walipata wateja, nyumba za wageni zilijaa, bodaboda walipumua. Aliyetoa agizo lile alituona, nasi hatujasahau.

Lakini agizo pekee halileti meli. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Kijijini tumezoea kusema bei ya korosho inaamuliwa Vietnam na India, kwa kuwa sehemu kubwa ya korosho zetu huenda huko zikiwa ghafi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mnunuzi anayeweka zabuni kwenye mnada huanza na bei ya huko, kisha anahesabu kurudi nyuma. Anatoa nauli ya meli, gharama ya kontena, ushuru, tozo na ghala. Anatoa siku atakazosubiri, na anatoa hofu yake ya mvua. Kinachobaki ndicho anachotuandikia sisi. Mnunuzi hapati hasara kwa bandari kuwa nzito, maana ameshaikata hasara hiyo kabla hajafungua mdomo. Anayeilipa ni mwenye shamba, ambaye bandari yenyewe pengine hajawahi kuiona.

Tufanye hesabu ndogo ya makadirio. Kontena la futi 40 hubeba korosho takriban tani 25. Tuseme usumbufu wa kulipata na kulisubiri unaongeza gharama ya shilingi milioni moja kwa kila kontena. Gawanya kwa kilo, unapata shilingi 40 kwa kilo. Mkulima mwenye kilo 1,500 amepoteza shilingi 60,000, ambayo kwetu ni sare na madaftari ya mtoto anayeingia sekondari. Kwa mavuno ya tani 300,000, kiasi ambacho nchi hii iliwahi kukivuka msimu wa 2017/18, ni shilingi bilioni 12. Hiyo milioni moja nimeikadiria, na ninyi mna takwimu halisi ambazo mimi sina. Zichukueni mkapige hesabu hiihii, kisha mtuambie mmepata ngapi.

Niwaeleze siku moja tu, ili mjue ninachokisemea.

Ilikuwa wiki ya pili ya Desemba 2023. Ghala tulilopangiwa lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mnunuzi mmoja alikuwa ameshashinda mnada na ameshalipa, ila mzigo wake ulikuwa bado umelala mle ndani, kwa kuwa hakuwa na makontena matupu ya kuupakia. Kwa kuwa wake haukutoka, wetu haukuweza kuingia. Lori letu lenye magunia 380 likasimama kwenye foleni siku sita. Madereva walikuwa wanapikia chini ya matrela, na nguo wamezianika kwenye kamba za kufungia mzigo. Usiku wa nne mvua ikanyesha. Turubai letu lilikuwa na tundu kwenye kona ya nyuma, upana wa kupitisha ngumi. Kulipokucha nikapanda juu. Magunia ya safu ya juu upande ule yalikuwa yamekoza rangi. Nikachota korosho kiganjani, nikatikisa. Korosho kavu ukiitikisa hulia kama kokoto. Zile zilikuwa kimya.

Magunia 23 yakashushwa daraja. Yaliyobaki nayo yalipopimwa yakaonekana yamepungua uzito. Wa bandarini wanaweza wasilijue neno unyaufu, lakini huku kwetu ni neno la vilio. Korosho zikishapimwa chamani huchanganywa, kwa hiyo hasara haikumwangukia mtu mmoja. Ilimwangukia kila aliyeleta mzigo wiki ile. Alikuwemo bibi mmoja mjane, mwenye kilo 212, ndiyo mavuno yake yote ya mwaka. Alipokuja kuchukua malipo akakuta makato asiyoyaelewa. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, mimi nilianika siku tatu, nikachambua moja moja. Nani kazilowesha?"

Sikuwa na la kumjibu. Ningemwambia ni tundu la turubai, ningekuwa nimesema kweli na nimemdanganya.

Baada ya hayo, naomba niyapange yanayotusumbua moja baada ya jingine.

1. Meli na makontena matupu havina ratiba tunayoijua.

Mnunuzi anajua tarehe ya mnada. Mkulima anaijua. Ghala linaijua. Tarehe ya meli haijulikani, wala hatujui kuna makontena mangapi matupu yanayosubiri bandarini. Mzigo wote wa kusini unaiva ndani ya miezi mitatu, Oktoba hadi Desemba, na Desemba ndiyo mvua zinaanza. Hakuna jambo kwenye kalenda yetu linalotabirika kuliko hilo. Mkorosho haujawahi kumshtukiza mtu. Iweje basi kila mwaka makontena yatafutwe baada ya maghala kujaa?

Chanzo chake nadhani ni kimoja, nacho ndicho ninachowaomba mkitazame kuliko yote katika barua hii. Mtwara inatoa mzigo mwingi na inapokea mchache. Dar es Salaam kontena huja limejaa bidhaa, zikishushwa linabaki pale, na anayesafirisha mazao analikuta. Mtwara kontena lazima liletwe likiwa tupu. Meli inasafirisha hewa, na nauli ya hewa hiyo ndiyo inayokatwa kwenye kilo ya bibi yule.

Ingieni maduka ya Newala, Masasi, Nachingwea au Tunduru. Mabati, vitenge, betri za pikipiki, sahani, vifaa vya umeme, vingi vinatoka Kariakoo. Bidhaa imetoka China imefika Dar es Salaam, imeshushwa, imepandishwa lori, imesafiri zaidi ya kilomita 500 kuja kusini kwenye bandari yake. Mfanyabiashara wa Masasi haagizi kupitia Mtwara kwa sababu hana hakika ya meli. Mwenye meli haji kwa sababu hana hakika ya mzigo wa Masasi. Kila mmoja anamtazama mwenzake, na anayelipia kutazamana huko ni mkulima anapouza, kisha analipa tena anaponunua bati.

Mnapenda kutuambia kwamba bandari ni lango la uchumi, nasi tunakubali. Ila lango letu linatumika kwa kutokea tu.

2. Korosho ni chakula, na makaa ya mawe ni makaa ya mawe.

Tangu vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 na wanunuzi wa nje wakaanza kuyagombea makaa ya mawe ya Ruvuma, malori yanashuka kutoka Mbinga, yanapita Songea, Tunduru na Masasi, yanamwaga Mtwara. Sina ugomvi na makaa hayo. Nayashukuru, kwa kuwa ndiyo yaliyoipa bandari kazi ya mwaka mzima na kuivusha tani milioni moja kwa mwaka. Msimu wa korosho ukiisha, bandari hailali tena.

Lakini vumbi lake halichagui pa kutua. Gunia la katani lina matundu. Mnunuzi wa chakula akikuta weusi kwenye gunia hatauliza umetoka wapi, atashusha bei au atakataa mzigo. Jina la korosho ya kusini limejengwa na vizazi vya watu waliochambua kwa mkono. Kulichafua ni kazi ya msimu mmoja. Tumesikia mpango wa bandari ya Kisiwa-Mgao, itakayobeba makaa na saruji ili gati la Mtwara libaki kwa mizigo safi. Ni mpango mzuri kabisa. Tunachokiomba ni tarehe, na kinga ya kutusitiri hadi tarehe hiyo ifike.

3. Tunategemea barabara moja ilhali tuna bahari.

Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi kule Somanga, mabasi yalilala njiani, malori yakapanga foleni pande zote mbili, na bidhaa za dukani zikaanza kuadimika na kupanda bei. Nilisimama dukani kijijini natafuta sukari, nikawa nawaza jambo moja: bahari ile haijakatika. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni maji matupu, na pande zote mbili kuna gati.

Wazee wetu walisafiri njia hiyo. Wengi wanaikumbuka Canadian Spirit, meli iliyokuwa inachukua abiria na mizigo kati ya Dar es Salaam na Mtwara, watu wanafika na magodoro yao, kuku wao na baiskeli zao. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na lami ikaja, tukafurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini kujenga barabara haikuwa sababu ya kuisahau bahari. Nchi yenye pwani ya zaidi ya kilomita 1,400 haina usafiri wa maana wa mizigo kati ya bandari zake yenyewe. Meli ndogo ya mizigo inayopita Dar es Salaam, Kilwa, Lindi na Mtwara kwa ratiba ingeleta saruji upande mmoja na sukari upande wa pili, tena ingeweza kusogeza makontena matupu kutoka yanakojazana kwenda yanakokosekana. Hoja ya kwanza na hii ya tatu ni jambo moja likitazamwa pande mbili.

4. Reli.

Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ni habari ninayoibeba tangu utoto. Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu waliyoyachagua, na kwa ajili yake walijenga gati la Mtwara na reli ya kwenda bara. Karanga zikashindikana, mradi ukafa mapema miaka ya 1950. Bandari ikabaki. Reli ikafungwa na kung'olewa miaka ya mwanzo ya 1960, kwa hoja kwamba haina mzigo. Marehemu babu alikuwa anatuonyesha tuta lake porini, refu limenyooka, limeota nyasi, tukitembea juu yake na kujifanya gari moshi.

Mzigo uliosemwa haupo, leo upo: korosho, makaa ya mawe, saruji, na chuma cha Liganga, kule Njombe, siku kitakapochimbwa. Desemba 2004 Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilikubaliana kuhusu Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana watoto wake. Lami imefika Mbamba Bay, na bandari ya pale Ziwa Nyasa inajengwa, hilo tunalipongeza. Ng'ambo ya ziwa ipo Malawi, nchi isiyo na bahari, inayopitisha mizigo yake Nacala na Beira za Msumbiji, na Dar es Salaam. Mzigo wa Malawi ukipita kwetu, kontena litakuja limejaa. Sitaki kuwaomba reli kana kwamba ni mkate wa dukani. Naomba mtuambie ukweli: itajengwa lini, na kama haitajengwa karibuni, ni nini kitafanyika badala yake ili barabara ya Songea hadi Mtwara isisagwe na malori ya makaa?

5. Ushuru unatoka, haurudi.

Hili nitalipita haraka. Korosho ghafi inayosafirishwa nje hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Hatusemi ufutwe, maana tunajua lengo lake ni kuhimiza ubanguaji nchini. Tunasema tu kwamba zao linalochangia hivyo lina haki ya kupata ghala la kutosha karibu na gati na sehemu ya malori kusubiri yenye paa.

Waheshimiwa, najua mtakayojibu, kwa kuwa mengine nimeshaambiwa kwa simu na mengine kwenye mikutano.

Mtasema meli hufuata mzigo, haziamrishwi. Ni kweli kabisa, na kwa sababu hiyohiyo agizo la kupitisha korosho Mtwara halitoshi. Shehena haina uzalendo, hufuata unafuu. Nchi yetu iliwahi kujifunza hilo: mwaka 2016 tuliweka kodi ya ongezeko la thamani kwenye huduma za mizigo inayopita kwenda nchi jirani, wenye mizigo wakalalamika na wengine wakageukia bandari nyingine, na mwaka uliofuata kodi ile ikaondolewa. Waliokubali kurudi nyuma wakati ule walifanya jambo la busara. Busara hiyohiyo naiomba Mtwara. Fanyeni iwe nafuu kuleta kontena lililojaa Mtwara, na meli zitakuja zenyewe.

Mtasema korosho ni za msimu. Salfa je? Mikoa ya kusini inatumia maelfu ya tani za salfa kila mwaka, na hushushwa kabla ya mavuno. Mafuta yanashushwa Mtwara. Saruji inazalishwa hapohapo mkoani. Makaa hayana msimu. Msimu wa korosho una miezi mitatu, lakini bandari ina kazi ya miezi kumi na miwili tayari.

Mtasema fedha hazitoshi, na kwamba Dar es Salaam ndiyo inayobeba Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Sibishi. Mwaka 2023 nchi nzima ilikesha inajadili bandari ile, na sitaki kuufufua mjadala huo hapa. Ninachojua ni kwamba miaka ya karibuni kuna nyakati meli zimetia nanga nje ya Dar es Salaam siku nyingi zikisubiri zamu, na nyakati hizohizo gati la mita 300 la Mtwara lilikuwa na nafasi. Hatuwezi kuendelea kupumua kwa pua moja. Na mengi ninayoyaomba hapa hayahitaji zege, yanahitaji watu kukaa meza moja.

Wapo pia watakaosema watu wa kusini hatutosheki, tukipewa hiki tunataka kile. Hilo huniuma. Mwaka 2013 mkoa huu ulipita kwenye machungu makubwa kwa ajili ya gesi, na hakuna mzazi anayetamani siku zile zirudi. Tunaandika barua kwa sababu tunaamini barua. Mtu anayetaka fujo haweki nakala za muhuri kwenye faili miaka miwili.

Haya ndiyo tunayoyaomba.

Kwanza, kabla ya mwisho wa Septemba, itangazwe hadharani ratiba ya meli zinazotarajiwa Mtwara kuanzia Oktoba hadi Januari, pamoja na idadi ya makontena matupu yaliyothibitishwa. Ibandikwe kwenye vyama vya msingi kama bei za mnada zinavyobandikwa. Makontena yakiwa machache kuliko mzigo, minada ipangwe kulingana na hali hiyo, au meli za kubeba magunia bila kontena ziandaliwe mapema, si Desemba tukishalowa.

Pili, katika msimu huu uwekwe unafuu wa tozo za bandari kwa mwagizaji yeyote atakayeshusha kontena lililojaa Mtwara na kuliacha litumike kwa mazao. Huduma zote za forodha zikamilike Mtwara, ili mfanyabiashara wa Masasi asilazimike kupanda basi kwenda Dar es Salaam kufuatilia karatasi. Wafanyabiashara wa mikoa yetu waitwe, waulizwe wanaagiza nini na kwa mwezi kiasi gani. Nina hakika wakijumlishwa wanaijaza meli.

Tatu, makaa na korosho vitenganishwe kuanzia msimu huu, hata kabla Kisiwa-Mgao haijakamilika. Vumbi linyunyiziwe maji, malori yafunikwe, na siku za kupakia korosho makaa yasishushwe karibu yake. Tarehe ya Kisiwa-Mgao nayo itajwe.

Nne, liandaliwe eneo la malori kusubiri lenye paa na choo, karibu na maghala makuu. Madereva wale ni watoto wa watu.

Tano, tupewe jibu la maandishi kuhusu reli na kuhusu meli ya mwambao. Hata likiwa "bado", liandikwe, lisainiwe, litiwe tarehe.

Sita, na hili ni ombi la binafsi, naomba mmoja wenu aje Newala msimu ukianza. Hatuhitaji msafara wala zulia. Aje asubuhi siku ya kupima, akae nami kwenye meza ile, azitikise korosho kiganjani, kisha apande nasi lori hadi ghalani. Bibi yule bado yupo hai, na mwaka huu ameshafagilia chini ya mikorosho yake yote. Swali aliloniuliza naomba mlisikie kutoka kwake.

Ofisi ya chama ipo wazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, na msimu ukianza tunakuwepo hadi usiku. Nakala za barua tatu zilizotangulia zipo kwenye faili, na yeyote kati yenu atakayezihitaji nitampatia.

Natanguliza shukrani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima na karani wa chama cha msingi,
Newala, Mtwara

Nakala: Wabunge wa mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma, viongozi wa vyama vikuu vya ushirika, wanachama wenzangu, ubao wa matangazo.